Maswali Yenu: Nisomee uongozi, nibaki na somo langu, au niende kwenye utafiti?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari ya kata huku Kibosho, mwaka wa tisa kazini. Mwaka jana mkuu akanipa utaaluma, yaani sasa hivi ratiba ni mimi, matokeo mabaya ni mimi, walimu wapya wakija ni mimi niwaelekeze, na vipindi vyangu 22 viko palepale. Nataka kusoma masta ila nimechanganyikiwa. Wengine wananiambia soma uongozi wa elimu ndo utapata ukuu wa shule, wengine baki na hesabu yako, halafu rafiki yangu mmoja anafundisha chuo hapo mjini anasema bila utafiti hufiki popote. Mume wangu anasema tumalize fensi kwanza. Nifanyeje? (Mtaaluma, Kibosho)

JIBU: Marahaba mwanangu, na huyo baba naye hajakosea sana maana ada ya masta haiokotwi njiani, ila fensi tuiache.

Umeniuliza kama mtu yuko stendi ya Moshi wapiga debe watatu wanamvuta mkono, na mimi naona hata safari yenyewe hujaijua bado. Kabla ya chuo niambie, hapo shuleni kwako kuna jambo gani linakukera kila muhula na kila mtu ana maneno juu yake lakini hakuna aliyewahi kukaa akalichunguza?

Nikupe langu. Nilikuwa mtaaluma shule moja upande wa Machame, kidato cha pili wanaanguka hesabu kila mwaka, na kikao cha stafu ni wimbo uleule, watoto wavivu, msingi mbovu, wazazi hawajali. Siku hiyo nilikuwa natafuta majina ya watoro tu niwaandikie wazazi barua, nikachukua madaftari ya mahudhurio ya miezi mitatu nikakaa nayo na kalamu nyekundu. Mpaka chai inapoa nikaona kitu. Hesabu kidato cha pili ilikuwa kipindi cha kwanza Jumanne na Ijumaa, na siku hizo kwetu ndo za gulio, watoto wanashusha ndizi na mama zao barabarani kwanza ndo waje shule. Mtoto anaingia saa tatu kasoro, hesabu imeshafutwa ubaoni.

Nikahamisha kipindi kikaja baada ya chai. Na hapo nikaharibu, maana nilibadilisha ratiba usiku nyumbani nikaja kuibandika asubuhi bila kuongea na mtu, mwalimu wa Kiswahili aliyesukumiwa ile asubuhi ya gulio akaninunia muhula mzima na alikuwa na haki.

Mahudhurio yakapanda kweli, lakini maksi zikagoma kupanda. Ikabidi tukae walimu watatu wa hesabu na mafungu ya karatasi za mtihani, tukaacha kuangalia maksi tukaanza kuangalia makosa. Robo tatu jumlisha nusu, mtoto ameandika nne ya sita, kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Karatasi inayofuata hivyo hivyo, na inayofuata. Sisi tulikuwa tunawafundisha aljebra watoto ambao visehemu viliwapita tangu shule ya msingi! Basi tukakubaliana dakika kumi za mwanzo wa kila kipindi ni visehemu tu, na yule kijana mgeni kazini ndo alikuja na mbinu nzuri kuliko zote, alikuwa anakata chapati mbele ya darasa.

Sasa niambie hapo nilikuwa nafanya nini. Madaftari na kalamu nyekundu ni utafiti, ratiba ni uongozi (mbovu, lakini uongozi), ile meza ya karatasi za mtihani ni kufundisha walimu wenzangu. Vyote vilitoka kwenye swali moja, na pale kimoja kilipopungua kazi ilikwama.

Na wala si kitu kigeni, ni ule utafiti tendaji mlioufanya chuoni mkauandika wiki ya mwisho ili mfunge faili. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyetoka Ujerumani akahamia Marekani, aliuandikia makala mwaka 1946: panga, tenda, angalia kilichotokea, panga upya. Anayechunguza ni huyohuyo anayefanya kazi. Data unazo, madaftari ya mahudhurio, karatasi za mitihani, na NECTA, baraza la mitihani, wanatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zinaonyesha swali gani liliwashinda na walikosea wapi, ziko kwenye tovuti yao bure na walimu wengi hatuzifungui. Pa kuyaongelea pia pako, zile Jumuiya za Kujifunza za MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, hapohapo shuleni. Najua sehemu nyingine watu wanasaini mahudhurio wanaondoka. Wewe nenda na karatasi kumi za wanafunzi, uone kama watu wataondoka.

Halafu usiwacheke wanafunzi wakiuliza. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi Magamba sekondari mwaka 1963, anatengeneza aiskrimu, akaweka maziwa ya moto kwenye friza yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, bado wanamtania eti hiyo ni fizikia ya Mpemba, mpaka alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu Dar, Denis Osborne, Mpemba akamuuliza hilohilo, na Osborne akarudi akaagiza lijaribiwe. Makala yao wawili ilitoka 1969, Mpemba yuko hapa Mweka kwenye chuo cha wanyamapori! Wanasayansi mpaka leo wanabishana kama ni kweli, lakini ona ni mwalimu yupi kati ya wale jina lake limebaki.

Turudi kwenye masta. Fanya hicho kitu kimoja mwaka huu, mkuu akiwa na taarifa na ukikaa na wenzako kabla ya kubandika chochote, na majina ya watoto usiyaandike popote. Mwaka ukiisha utajua ulifurahia wapi. Kama ni kupanga watu, uongozi wa elimu, na ADEM, wakala wa uongozi wa elimu kule Bagamoyo, wana kozi kwa ajili hiyo. Kama ni ile meza ya makosa, masta ya elimu, Chuo Kikuu cha Mwenge kiko hapohapo Moshi na Chuo Kikuu Huria wana kituo mkoani hutahama nyumba. Ila kibali cha mwajiri kitangulie, nimeona watu wamelipa ada kibali hakijatoka. Na hiyo kazi yako ya mwaka mmoja ndo inaweza kuwa mwanzo wa tasnifu, wenzako watakuwa wanahangaika kutafuta mada.

SWALI: Mimi ni nesi, hospitali moja Arusha. Tulihesabu wodini watu wananawa mikono mara ngapi, tukafundishana, tukahesabu tena, ikapanda. Bosi kaenda kuiprezenti mkutanoni jina lake peke yake. (Nimeumia, Njiro)

JIBU: Pole sana dada. Wahariri wa majarida ya tiba duniani walishakubaliana kwamba kuwa mkubwa wa kitengo peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi wa utafiti, kwa hiyo haki unayo. Ila usianze na barua ya malalamiko, mwombe mkae, mwambie mnataka kuiandika makala na majina yote yawemo, mara nyingi mtu anaona aibu anakubali. Safari nyingine andikeni ukurasa mmoja kabla hamjaanza kuhesabu, nani anafanya nini, tarehe, sahihi. Na muiandike mapema. Daktari Semmelweis kule Vienna alionyesha mwaka 1847 kwamba madaktari wakinawa mikono kwa maji ya klorini vifo vya akina mama wanaojifungua vinashuka, data anayo, lakini akagombana na watu na kitabu chake kikatoka zaidi ya miaka kumi baadaye.

SWALI: Kuna semina ya uongozi siku 3 hotelini hapa Arusha, laki sita na nusu, wanatoa cheti. Niende? (Afisa, Sakina)

JIBU: Waulize kama watakupa kazi ya kufanya ofisini kwako na kama kuna mtu atakuja kuikagua baada ya miezi miwili. Wakianza kukuelezea bufee, rudisha hela yako mfukoni.