Jani la Kijani Lisikudanganye

Wadogo zangu mnaokuja Tabora kwa mafunzo ya utafiti, nawaandikia kabla hamjang'oa mche wa kwanza.

Nilipoanza, nilipanda tumbaku kwenye vyungu nikaimwagilia maji yenye kadimi kidogo, metali nzito yenye sumu. Wiki zikapita, majani yakapanuka, kijani kibichi, bila doa. Nikaandika kwenye daftari: "mmea haujaathirika." Majibu ya maabara yaliporudi, kadimi ilikuwa ndani ya majani yale yale niliyoyasifia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mmea unaovumilia sumu si mmea usio na sumu. Umeificha tu.

Namna unavyoificha ndiyo inayonifanya niipende kazi hii. Kadimi haina faida kwa tumbaku, ila huingia mizizini kupitia milango inayopitisha madini ya chuma, zinki na kalsiamu kwa sababu inafanana nayo. Sehemu hunaswa na pektini, gundi ya ukuta wa seli. Inayopenya ikafika ndani hukutana na kimeng'enya ambacho tayari kipo, kinasubiri. Metali yenyewe ndiyo inayokiamsha. Kikiamka, huunganisha molekuli za glutathayoni, kemikali ndogo yenye salfa ambayo seli hujitengenezea, kuwa minyororo iitwayo fitokelatini, na salfa iliyomo kwenye minyororo hiyo huikamata kadimi isiharibu protini za seli. Kisha mzigo wote husukumwa kwa nishati hadi kwenye vakuoli, ghala la seli, na kufungiwa humo. Erwin Grill na wenzake huko Ujerumani walizitambua fitokelatini za mimea mwaka 1985. Sisi bado tunajikwaa kwa kuamini macho.

Kwa hiyo pimeni mizizi, shina na majani, kila kimoja peke yake. Mazao mengi huzuia kadimi mizizini. Tumbaku huipandisha hadi kwenye majani, ndiyo maana mvutaji huivuta pamoja na moshi.

Mizizi isuuzwe kwa myeyusho wa kalsiamu kloridi au EDTA, kemikali inayonasa metali, la sivyo mtahesabu metali iliyogandia nje kana kwamba imeingia kwenye seli. Niliruka hatua hii msimu mzima, na takwimu zote za mizizi nikazitupa. Iliniuma sana. Majani nayo yaoshwe vumbi. Mchanga wa huku wakati wa kiangazi hupenya kila mahali. Vyombo vilale usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10.

Andikeni pia mbolea mliyoweka. Ya fosfeti huweza kuja na kadimi yake kutoka kwenye mwamba ilikochimbwa, na mmea uliokosa salfa hauna cha kutengenezea glutathayoni ya kutosha. Pimeni na pH, kipimo cha tindikali: udongo ukiwa na tindikali zaidi, kadimi huachiwa kirahisi.

Mkifika Urambo au Sikonge kuchukua sampuli za shambani, bebeni bahasha za kaki za kutosha. Majani ya chini bahasha yake, ya katikati yake, ya juu yake, na jina la shamba liandikwe kwa penseli, maana wino hufutika jasho likiingia.