Maswali na Majibu: Mawingu Yang'aayo Usiku

Ndugu yangu aliyeko Uskoti amenitumia picha ya mawingu ya samawati yanayong'aa karibu na saa sita za usiku. Ni mawingu gani hayo? (Msomaji, Kisauni)

Hayo ndiyo mawingu yaliyo juu kuliko yote duniani, takribani kilomita 80 kutoka ardhini, ilhali mawingu tuliyoyazoea hapa Pwani hayafiki hata kilomita 20. Kwa sababu ya kimo hicho, jua likishatua na ardhi ikaingia gizani, miale yake bado huyafikia, na chembe ndogo mno za barafu zilizomo huitawanya nuru hiyo. Usamawati wake hutokana na ozoni, ambayo hufyonza sehemu ya wekundu miale inapopita humo.

Yalijulikana lini? (Msomaji, Changamwe)

Taarifa za kwanza ni za mwaka 1885, miaka miwili baada ya volkano ya Krakatoa kulipuka. Mjerumani Otto Jesse aliyapiga picha mwaka 1887, na picha za namna hiyo zikawezesha kukadiria kimo chake.

Mawingu haya huonekana huko Uskoti katika msimu wa joto. Barafu inawezaje kufanyika wakati huo? (Msomaji, Likoni)

Nimelifurahia sana swali hili, kwani hapa ndipo penye ajabu yenyewe. Tabaka hilo la hewa, liitwalo mesosfia, huwa na baridi kali zaidi wakati ardhi iliyo chini yake ina joto, kwa kuwa hewa ya maeneo ya ncha ya dunia hupanda wakati huo, na hewa inayopanda hutanuka na kupoa, hata ikashuka chini ya nyuzi 120 hasi. Mvuke wa maji huko ni haba, lakini kwa baridi hiyo huganda juu ya vumbi la vimondo vilivyoungua angani. Sehemu ya mvuke huo hutokana na gesi ya methani, ambayo binadamu tumeizidisha. Kwa hiyo naona mawingu haya yanastahili kuchunguzwa kwa makini, si kutazamwa kwa uzuri wake tu.

Juzi baada ya sala ya magharibi niliona mawingu yanayowaka juu ya bahari. Je, ndiyo hayo? (Msomaji, Mji wa Kale)

Siyo. Mombasa iko latitudo 4 kusini, na mawingu yang'aayo usiku huonekana hasa kati ya latitudo 50 na 70. Uliyoyaona ni mawingu ya kawaida, ambayo hugeuka mekundu na kufifia upesi. Ukijaliwa kufika Uskoti mwezi wa Juni au Julai, tazama upande wa kaskazini, kiasi cha saa moja na nusu baada ya jua kutua.