Mikoba ya miyaa: mtaji mdogo, malipo ya haki

Swali: Assalaam aleikum. Nipo Wete, nina mtaji wa shilingi 300,000. Nataka kununua mikoba ya miyaa, yale majani ya kusukia, kwa akinamama wa shehia yetu niipeleke maduka ya zawadi Mji Mkongwe, lakini sitaki kuwapunja. Nianze vipi?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yetu. Bei usiianzie dukani, ianzie kwa msukaji. Kaa naye siku moja, muangalie saa pamoja. Mkoba wa duara wenye kimo cha sentimita 25 na mzunguko wa 80, pamoja na kitako chake, ukishonwa kwa ukili (ukanda wa miyaa uliosukwa) wa upana wa sentimita 4, hula kama mita 6.3, yaani pima tatu na nusu. Agiza pima nne, maana ukingo wa ukili hupandiana kidogo kila shazia, sindano ya kushonea, inapopita.

Sasa tia saa. Tuseme kusuka na kushona ni saa 8, na mmekubaliana 1,500 kwa saa: 12,000. Miyaa na rangi 2,000, mishikio 1,500, nauli 500. Jumla 16,000 kabla hujapata faida yoyote. Hizi ni tarakimu za mfano, zako zipime mwenyewe. Ila ujira uuandike peke yake. Ukiuchanganya ndani ya "bei ya mkoba", siku mteja akitaka nakshi zaidi saa zitaongezeka na malipo yatabaki yale yale, na aliyepunjwa ni msukaji.

Anza na mikoba 12, umbo moja, rangi mbili basi. Nunua vifaa, 42,000, na uwape wasukaji nusu ya ujira mapema, 72,000. Nusu iliyobaki walipe siku ya kupokea, si siku ya kuuza. Ukiongeza nauli umetumia 192,000, na 108,000 inabaki kwa dharura. Dukani usikubali mali kauli, yaani kulipwa baada ya kuuzwa, kwa mzigo wote. Mwenye duka akikaa na mikoba yako miezi mitatu bila kulipa, mtaji umekwisha na wasukaji hawana kazi. Mpe miwili ya kuonyesha, mingine iwe fedha mkononi.

Kinachoharibu jina zaidi ni ukungu. Miyaa huloweshwa ili isikatike wakati wa kusuka, na mkoba ulioshonwa leo bado una maji ndani ya suka. Utundike kivulini penye upepo siku nne au tano, masika hata wiki. Jua kali hupausha rangi na kufanya miyaa ivunjike. Ingiza vidole kwenye ukingo wa kitako, hapo ndipo unyevu hujificha. Ufunge kwa karatasi ya khaki, si plastiki: hufungia unyevu ndani, na mifuko yake imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006.

Rangi nayo ijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa, sugua mara 20. Ikitoka, miyaa haikuchemshwa na rangi vya kutosha au haikusuuzwa mpaka maji yakawa meupe. Mkoba huo usiuuze. Utachafua kanzu ya mtu.

Swali: Naweza kuandika "biashara ya haki" kwenye lebo?

Jibu: Andika unachofanya: "Msukaji amelipwa kwa saa, nusu mapema." Hilo lina uzito kuliko nembo. Nembo ya FAIRTRADE au ya WFTO (shirika la dunia la biashara ya haki) usiitumie bila kuthibitishwa na wenyewe. Kanuni za WFTO ni 10, na ile ya tatu, ya mwenendo wa haki katika biashara, inataka mnunuzi wa kazi za mikono atoe angalau nusu mapema, bila riba, akiombwa. Kwa hiyo nawe ukipata oda ya nje, iombe.

Swali: Na vifurushi vya viungo ndani ya mkoba?

Jibu: Mdalasini wa vijiti na kungumanga nzima, gramu 50 kila kimoja, vinatosha. Vilivyosagwa hupoteza harufu haraka. Kijiti kikipinda bila kuvunjika, rudisha juani. Karafuu usizinunue shambani kwa mkulima, zinanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na mzigo wako usije ukahesabiwa magendo.