Mzigo wa kuthibitisha uraia ni wa nani?

Hapana ndugu, si kweli kwamba maofisa wakitilia shaka uraia wako basi wewe ndiye wa kuthibitisha kila kitu, na kura yako ikapotea hivihivi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa Arusha, ililitolea uamuzi tarehe 22 Machi 2018 katika kesi ya Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania. Yule bwana alikuwa na cheti cha kuzaliwa na pasipoti, vyote vya Tanzania. Alipofuatilia taratibu za ndoa polisi Babati mwaka 2012, pasipoti ikachukuliwa, na 2014 akafukuzwa nchini. Mahakama ikasema hati zilitolewa na serikali yenyewe, kwa hiyo serikali ndiyo ithibitishe kuwa si raia. Ushahidi wa mashahidi wanaopingana kuhusu wazazi wake haukutosha. Kipimo cha DNA kingeweza kufanyika. Hukumu nimeisoma, na inauma.

Kura inafuata hapo hapo: Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki hiyo raia aliyetimiza miaka 18, ingawa inaruhusu Bunge kuweka mipaka, mfano kwa aliyeshindwa kuthibitisha umri au uraia.

Ila angalia: tangu Novemba 2020 mtu binafsi hawezi tena kufungua kesi mpya dhidi ya Tanzania moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, kwa sababu serikali iliondoa tamko lililoruhusu hilo. Kwa sasa anzia Mahakama Kuu, Arusha au Moshi, na usiende bila nakala za hati zako.