Mama kaanguka uani, lakini hataki kuhama Magomeni

*Shangazi, shikamoo. Mama yetu ana miaka 76. Anaishi Magomeni kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, yeye na wapangaji, na kila asubuhi anachoma vitumbua barazani. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku, akateleza akienda choo cha uani. Alikaa chini mpaka mpangaji mmoja alipotoka kwenda kuswali alfajiri. Hakuvunjika, ila sasa anatembea kwa woga. Mimi nataka nimchukue kwangu Mbezi. Kaka anasema vitumbua basi, na nyumba iuzwe maana mnunuzi yupo. Mama amegoma, hataki hata kulizungumza. Tufanye nini?*
*Binti, Mbezi*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole zangu.

Umeniambia unachotaka wewe na anachotaka kaka yako. Anachotaka mama sikukiona, nimeona tu kwamba amegoma. Na huyu ni mtu anayeendesha nyumba ya wapangaji na biashara yake! Ameteleza usiku mmoja, mara anakuta wanawe wameshampangia chumba Mbezi na mnunuzi wa nyumba yake. Nani asingegoma?

Kwa hiyo kwanza, habari ya kuuza nyumba iwekeni kando kabisa. Hata kama kaka yako ana nia safi, mama anachosikia ni kwamba mnamwondoa ili muuze. Akishaliamini hilo, siku akianguka tena hatawaambia. Atajifunika khanga, atasema mguu unauma kwa baridi. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko utelezi wa uani.

Pili, mpelekeni hospitali, hata kama hakuvunjika. Mara nyingi mzee haanguki kwa sababu ya giza peke yake. Ombeni apimwe presha akiwa amelala, kisha apimwe tena baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, basi anapoinuka kitandani ghafla kichwa kinaweza kuzunguka. Bebeni dawa zake zote, zile za dukani pia, daktari azione. Dawa za usingizi zinaangusha wazee. Zipo dawa za presha zinazoongeza mkojo, na akizimeza jioni ndizo zinazomwamsha kwenda chooni usiku. Asiziache mwenyewe, daktari ndiye abadilishe dawa au saa ya kuzimeza. Apimwe sukari, maana ikimharibu mishipa ya fahamu miguuni hataihisi vizuri sakafu anayoikanyaga. Aangaliwe na macho. Mtoto wa jicho anaondolewa kwa upasuaji, na watu wengi wanamwachia mzee upofu wakidhani ni uzee tu. Kwa Magomeni, Hospitali ya Mwananyamala haiko mbali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu wa miaka 60 na zaidi kuwa mzee, kwa hiyo aende na kitambulisho, na ulizieni dirisha la wazee.

Sasa nyumba. Usiende na fundi kabla hujatembea na mama mwenyewe, kutoka kitandani hadi chooni, mkiwa na tochi, giza likishaingia. Yeye ndiye anayejua anashika wapi na anaogopa wapi.

Ukoga wa uani usuguliwe, na masika yakianza usuguliwe tena. Ngazi ya kushukia uani ipakwe rangi nyeupe ukingoni. Fundi wa kuchomelea atengeneze bomba la kushikia, lichimbiwe ukutani kwa saruji pembeni ya choo. Bomba la kupachika kwa misumari halibebi mtu anayeanguka. Kama choo ni cha kuchuchumaa, fundi huyohuyo atatengeneza kiti cha chuma chenye tundu katikati. Usiku aweke poti chumbani, bila aibu. Ndala zilizolika soli zitupwe, apate viatu vya wazi vyenye mkanda wa nyuma. Ndoo ya maji asiibebe tena, maji yawe chooni tayari kabla ya kulala.

Mnunulieni simu ya kitochi. Tochi yake inamulika umeme ukikatika, chaji inakaa siku kadhaa, na mtakihifadhia namba zenu ili abonyeze kitufe kimoja tu. Akivae shingoni kwenye kipochi, hata akienda kuoga. Na lile komeo la ndani ya mlango, kama analo, badilisheni liwe kitasa, ufunguo wa akiba akae nao mtu anayemwamini.

Mtu huyo huenda tayari yupo. Yule mpangaji aliyemwinua, mama akikubali, mpunguzieni kodi kidogo, kazi yake iwe kugonga mlango kila alfajiri na kuwapigia simu asipojibiwa. Hiki ndicho ambacho Mbezi hukipati, binti yangu. Kama wewe ni mtu wa kazini, unaondoka mapema kuikwepa foleni ya Barabara ya Morogoro na kurudi giza limeingia. Mama atashinda nyuma ya geti na dada wa kazi, mtaa asioujua, bila shoga hata mmoja.

Kuhusu vitumbua, kaka yako simkubalii. Kuamka, kukoroga unga, kusimama na kukaa ndiyo mazoezi yanayoilinda miguu yake, na mzee anayekalishwa chini kwa huruma hudhoofika upesi. Badilisheni mkao tu. Jiko lipandishwe juu ya meza imara ya chuma asiinamie mafuta ya moto, na kigoda kiwe kiti chenye mikono. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kamwe, hata mvua inyeshe, kwa sababu hewa yake inaua bila harufu.

Mwambieni pia la kufanya akianguka. Asiinuke kwa pupa. Ageuke ubavu, atambae hadi kwenye kiti kizito, apige goti moja, ajisukume. Akishindwa kusimamia mguu, au amegonga kichwa, msimnyanyue kwa nguvu wala msimkande. Hospitali moja kwa moja.

Akianza kusahau jiko linawaka, akipotea njia ya sokoni, au akiendelea kuanguka baada ya haya yote, basi mpango mwingine utahitajika. Mwulizeni sasa, akili ikiwa timamu: siku hiyo ikifika angependa kukaa na nani? Pengine atataka mjukuu ahamie kwake. Uliza ukiwa peke yako, mkishamaliza kuuza vitumbua, na kaka yako abaki nyumbani siku hiyo.