Dizeli ya zamani inamisi na kutoa moshi: tafuta kwanza silinda iliyolala

Mkuu, umesema injini ni dizeli ya silinda nne, pampu ya kizamani isiyo na kompyuta. Asubuhi inawaka kwa tabu, inamisi (inatikisika kama vile silinda moja haifanyi kazi) ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) na kutoa moshi mweupe, ikipata moto inatulia. Usiguse pampu. Pampu ndiyo husingiziwa kila kitu, na mara nyingi haina kosa.

Moshi usiutazame tu, unuse. Mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yaliyoingia yakatoka bila kuungua. Mweupe wenye harufu ya utamu, huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanayopenya silinda: gasketi ya hedi, au hedi imepasuka. Bluu ni oili. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, kwa hiyo anza na filta ya hewa kabla hujalaumu nozeli (kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda).

Wako unaelekea kuwa ule wa kwanza. Kwa kuwa unapotea injini ikipata moto, pima plagi za moto (zinazopasha silinda joto wakati wa kuwasha) kabla ya yote. Fungua kile kipande cha chuma kinachoziunganisha, weka multimita kwenye om, waya mmoja kichwani mwa plagi, mwingine kwenye bodi ya injini. Nzima husoma om moja hivi au pungufu. Iliyokatika haisomi kitu. Plagi moja ikifa, silinda yake hulala (haichomi mafuta) dakika ya kwanza kisha huamka, na dalili zinakuwa hizo hizo ulizoeleza.

Zikiwa nzima zote, tafuta silinda iliyolala. Fanya kazi hii injini ikiwa bado ya baridi na inamisi, maana ikishapata moto ushahidi unapotea. Vaa miwani, shika spana (mara nyingi namba 17) na kitambaa. Injini ikiwa sailensa, legeza robo mzunguko nati ya bomba la chuma linaloingia kwenye nozeli ya kwanza, mpaka dizeli ianze kuchuruzika pembeni ya nati. Sikiliza. Injini ikishuka na kutikisika zaidi, silinda hiyo ilikuwa kazini. Kaza, hamia ya pili. Ukilegeza na sauti isibadilike, umeipata. Mwenzako akae nyuma aangalie ekzosi: ukilegeza nati fulani na moshi ukakatika, mafuta yasiyoungua yalikuwa yanatoka humo. Na mlio mkali wa kugonga ukikatika pamoja nao, nozeli hiyo inatiririsha badala ya kupuliza ukungu.

Mkono usikae mbele ya mafuta yanayoruka. Dizeli yenye presha hutoboa ngozi, na kitundu kidogo tu ni cha kukimbilia hospitali. Kwenye injini ya komoni reli (dizeli ya kisasa inayoongozwa na kompyuta) usijaribu kabisa kulegeza nati hizi. Mle presha hupita baa 1,000.

Ukishaijua, badilishana nozeli: ya silinda iliyolala iende kwenye nzima, na ya nzima ije huku. Hapa wengi hukosea kwenye washa ya shaba. Ya zamani hubaki imeganda chini ya shimo, mtu anaweka mpya juu yake, nozeli inakaa juu kuliko inavyotakiwa na kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) inavuja. Mulika kwa tochi, itoe, safisha, weka mpya. Tatizo likihama na nozeli, ipeleke ikapimwe presha ya kufunguka na namna inavyopuliza. Likibaki pale pale, linganisha mafuta yanayoruka kwenye nati hiyo na ya jirani. Yakiwa sawa, sasa ni kompresheni.

Geji ya kupimia kompresheni ya injini ya petroli haifai. Tafuta inayofika angalau baa 40. Chomoa waya wa kuzimia mafuta kwenye pampu kabla ya kupiga starta. Injini nyingi za aina hii zikiwa na afya husoma karibu baa 30, na chini ya 20 zimechoka, ila kitabu cha injini yako ndicho cha kufuata. Tofauti ya zaidi ya baa 5 kati ya silinda na silinda inatosha kukutikisia injini. Usikimbilie ringi: pima nafasi ya tapeti (visukuma vali) kwa fila (vibati vyembamba vya kupimia), kwani vali iliyobanwa haifungi vizuri. Ile mbinu ya kumwaga oili ndani ya silinda ili kujaribu ringi iache. Chemba ya dizeli ni ndogo, oili yenyewe hupandisha kipimo, na ikizidi pistoni inaweza kukwama na kupinda koneti rodi.

Kama kumisi kunahamahama, leo silinda hii kesho ile, achana na nozeli. Huo ni upepo au filta ya dizeli. Weka kipande cha hozi inayoonyesha ndani kati ya filta na pampu; mapovu yasiyokwisha maana yake kuna mahali panavuta hewa. Angalia pia vihozi vya kurudishia mafuta kati ya nozeli, hukauka na kupasuka.

Taiming (wakati pampu inapopeleka mafuta kwenye silinda) inakuja mwisho: silinda zote zinatoa moshi mweupe kwa pamoja, plagi nzima, kompresheni nzuri. Ikifikia hapo, kabla hujalegeza nati za pampu, chora kwa tindo mstari mmoja unaovuka pampu na mahali ilipofungwa, uweze kuirudisha ilipokuwa.