Mpanda Joka Wako Kapewa Jina na Nani?

Mhusika wangu wa kwanza kupanda joka aliitwa Zyr'thaxan. Usijisumbue kulitamka, hata mimi sikuwahi. Nilikuwa naliandika tu, na kila nilipolifikia kwenye kusoma jicho lilikuwa linaliruka kama mtu anavyoruka dimbwi la stendi.

Ubaya wake niliuona siku nilipomsomea baba mdogo sura mbili za mwanzo, kibarazani kwake Kibosho. Baba mdogo alikaa jeshini zaidi ya miaka ishirini, akastaafu na usajini wake. Alisikiliza kwa adabu mpaka pale kamanda anapomwonya mpanda joka kwamba adui yuko mgongoni. Akanikatiza.

"Hebu mwite tena."

Nikamwita.

"Basi huyo tumzike," akasema. "Mpaka umalize kumwita, kashaungua."

Tangu siku hiyo nimetupa majina zaidi ya arobaini. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa naanzia mahali pabaya. Nilikuwa najiuliza jina gani linasikika kali, wakati swali la kuanzia ni nani kampa. Jina kali ambalo halina aliyelitoa linabaki kama nguo iliyotundikwa dukani, halina jasho la mtu.

Anza na nyumbani kwake, kabla hajavaa gwanda. Huku kwetu Uchaggani mtoto wa kwanza wa kiume kwa desturi huchukua jina la babu mzaa baba, kwa hiyo ukisikia jina lake umeshamsikia na babu yake. Jina la ukoo nalo linasema kwao ni wapi kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Tarimo, Shirima, Kavishe, mawazo yanakimbilia Rombo. Swai au Lema, unafikiria Machame. Ukivuka kwenda upande wa Monduli unakuta wanawake wa Kimaasai wanaitwa Naserian, Namelok, Nashipai, na hakuna aliyekueleza chochote, lakini ukifika jina la tatu sikio limeshajua kwamba hiyo Na- ya mwanzo ni ya mwanamke.

Hicho ndicho nilichokiiba. Sikuiba majina, niliiba utaratibu. Kwenye nchi yangu ya kubuni, watu wa milima ya theluji wanawake wao wanaanza na Sha- na wanaume na Ku-. Basi Luteni Usu Shandei akikutana na Koplo Kundei kwenye ukurasa wa sitini, msomaji mwenyewe anashtuka kwamba hawa lazima wana undugu, na mimi sijaandika neno moja la maelezo. Watu wa pwani ya nchi hiyo majina yao yanatokana na siku au hali aliyozaliwa mtu, kama sisi tulivyo na akina Juma, Masika, Tabu na Mashaka. Ukiwa na taratibu mbili au tatu za namna hiyo, majina mapya yanajitunga yenyewe hata ukiwa kwenye Coaster ya kwenda Arusha umebanwa dirishani.

Kwa nini nisichukue tu majina yenyewe ya kwetu? Nilijaribu. Kikosi changu cha kwanza kilikuwa na wapanda majoka wanane, na sita kati yao walianza na M: Mushi, Massawe, Mosha, Minja, Mmasi, Mlay. Ukisoma kwenye simu usiku, ukurasa mzima unakuwa M moja ndefu. Mbaya zaidi, msaliti wa hadithi nilimpa jina la ukoo halisi. Krismasi ilipofika na ukoo mzima ukapanda nyumbani, shangazi mmoja ambaye hakuwa amesoma hata mstari mmoja alishaambiwa, na nilijieleza mpaka mbege ikaisha. Bibi naye alikataa kata kata joka langu kuitwa Ruwa, jina la Mungu kwa Kichagga. Nilijitetea kwamba neno hilo ni la jua pia. Akaniambia jua linamtosha Mungu. Nikalifuta. Majina ya watu walio hai na majina ya ibada yaache mahali pake, utapata usingizi.

Sasa jeshini. Hapa ndipo utamu wote ulipo, na wengi wanapita mbio.

Mtu akiingia depo, jina la nyumbani linabaki getini. Linalofuata linatolewa na wenzake, na wenzake hawana huruma. Marubani wa ndege za kivita wa Marekani wana majina yao ya redioni, na mila yao ni kwamba huchagui lako. Unapewa na kikosi, mara nyingi kwa sababu ya kosa ulilofanya au kwa kuchezea jina lako la ukoo, na anayelilalamikia sana ndiye linalomganda. Kwa hiyo ukiona kikosi kizima cha wapanda majoka wanaitwa Radi, Kifo, Upanga na Giza, ujue mwandishi hajawahi kukaa na vijana wanaofanya kazi ya hatari pamoja.

Mimi nilikwenda kukaa nao. Sikwenda kambini, nilikwenda kijiwe cha bodaboda, Majengo. Nilinunua kahawa, nikakaa kwenye benchi na daftari siku tatu. Kulikuwa na Bima, kwa sababu siku aliyoanguka swali lake la kwanza, damu ikimtoka, lilikuwa pikipiki ina bima. Kulikuwa na Mchana, ambaye giza likiingia tu anarudi kwao. Kulikuwa na jitu la miraba minne likiitwa Mtoto, na hakuna aliyekumbuka sababu, jambo ambalo nalo ni somo: katika kila kikosi weka jina moja ambalo chanzo chake kimesahaulika. Mwenye pikipiki kali kuliko wote alijaribu kujiita Simba. Walimkubalia kwa wiki moja, halafu wakaanza kumwita Paka.

Angalia Bima ameshakupa nini. Umejua kuna siku alianguka, umejua wenzake walikuwepo, umejua wanampenda. Jina lile la silabi mbili limefanya kazi ya ukurasa mzima. Mpanda joka wangu wa sasa anaitwa Ndoo, kwa sababu alitapika ndani ya ndoo ya maji ya majoka mara ya kwanza aliporuka. Anaongoza kikosi, ana makovu, maadui wanamwogopa, na bado ni Ndoo. Siku mkuu wa majeshi anapomwita kwa jina lake la nyumbani mbele ya gwaride, msomaji anajua kuna jambo zito.

Vyeo navyo vitumie sawasawa. Lugha yetu inavyo vyote, na vina mdundo wake: Praiveti, Koplo Usu, Koplo, Sajini, Sajini Taji, Luteni Usu, Kapteni, Meja. Kumwita kila mtu "Kamanda" ni uvivu. "Luteni Usu Shandei" ni silabi nyingi, ni jina la karatasi na la mahakama ya kijeshi. "Koplo Ndoo" unaweza kuliita huku unakimbia. Chezea tofauti hiyo.

Halafu lipeleke jina korongoni. Nasema kweli. Nilimsimamisha binamu yangu ng'ambo ya korongo lililo chini ya migomba ya baba mdogo, mimi nikabaki huku na orodha, nikaanza kupiga kelele. Yale ya konsonanti nyingi yalimezwa na maji ya mto. Yaliyoishia na a, o au e yalifika mazima, na yale ya silabi mbili yalifika haraka, kwa sababu Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho na ya mwisho inabaki wazi kwa kuvutwa: "Ndooo!" Majina mawili, Karo na Kalo, binamu aliyaandika kama moja. Nikaua Kalo hapo hapo. Majirani walitoka kuuliza ng'ombe gani kapotea.

Majoka nayo yanataka utaratibu wake, usiyabatize kama unavyobatiza watu. Mfumo ninaoupenda ni ule wa NATO wa kuzipa majina ndege za Kisovieti. Herufi ya kwanza ilionyesha kazi, B kwa za kudondosha mabomu na F kwa za kupigana angani, na idadi ya silabi ilionyesha injini: moja kwa propela, mbili kwa jeti. Ndiyo maana Tu-95 yenye propela iliitwa Bear, na Tu-16 ya jeti ikaitwa Badger. Mtu akitaja jina tu redioni, msikilizaji ameshajua kinachokuja. Kwangu, majoka mazito ya kubeba askari yana silabi nne na kuanza na K, mepesi ya kupeleleza yana mbili na kuanza na P. Hayo ni majina ya daftari la zizi. Askari wa kawaida wao wana yao. Kwenye Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, ile mitambo ya kurusha roketi ya BM-21 watu hawakuiita BM-21, waliiita saba saba. Kila joka langu basi lina jina la daftari na jina la zizini. Kwa vikosi vizima nilichukua pepo za pwani, Kaskazi na Kusi, kwa sababu kila moja ina msimu wake na upande wake, na zilipangana na ramani ya vita bila mimi kuhangaika.

Mawili nimeyaita Kibo na Mawenzi. Bibi alikuwa anatusimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, akienda tena na tena, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana kilele chake kimechongoka vile hadi leo. Joka mmoja asiyewaka mwenyewe na mwingine aliyechoka kuwashia. Ningetunga nini zaidi?

Tena, amua mapema kama joka wako ni a- au li-. "Joka aliruka" au "joka liliruka"? Mimi nimefanya hivi: mpanda joka akimsema wake, ni "aliruka". Akilisema la adui, ni "liliruka". Sura ya kumi na moja kuna kuruta anateleza ulimi, anasema "amejeruhiwa" juu ya joka la adui, na kantini nzima inanyamaza. Hiyo ni zawadi ya ngeli za Kiswahili.

Adui naye anatoa majina, na hata mgeni. Rindi, Mangi (chifu) wa Old Moshi, watu wa pwani walimwita Mandara, na leo mpanda mlima analala kwenye vibanda vya Mandara bila kujua jina la nyumbani la mwenye jina. Mirambo wa Unyamwezi alizaliwa na jina lingine kabisa. Hilo lilikuwa la vita, na maana yake ni maiti. Hili la aina yake mpe mhusika mmoja tu katika hadithi nzima, na afadhali tulisikie midomoni mwa wale wanaomkimbia.

Ninapokwama sasa ni kwenye kifo. Nimeweka mila kikosini kwamba mpanda joka akifa, kuruta wa kwanza kuingia baada ya mazishi anachukua jina lake, kama mjukuu anavyobeba la babu. Nilidhani nimemaliza. Nikampelekea baba mdogo akasoma mwenyewe safari hii, miwani puani, akarudisha karatasi.

"Ndoo amekufa, Ndoo mpya amekuja. Sawa. Sasa huyu joka," akaniuliza, "usiku akiita, anamwita yupi?"

Sura ya kumi na nne imesimama hapo, wiki ya tatu sasa.